Mtoto juu ya Kinga

Mama, njia ya kutoka Kirungu mpaka Moba-Port inashuka sana. Mara nyingi mtoto anapandishwa nyuma ya kinga, miguu inaning'inia. Mguu ukiingia katika nyuzi za gurudumu, kisigino kinachunika, pengine mfupa unavunjika. Basi, fanya hivi:

1. Mtoto asiyetimiza mwaka 1 asipande kinga. Shingo yake haijapata nguvu. Umubebe mgongoni, utembee kwa miguu.
2. Aliyekwisha kukomaa kidogo, umutafutie kiti chenye egemeo. Seremala anaweza kukitengeneza.
3. Seremala aweke pia ubao kila upande wa kufunika nyuzi, na kibao cha kukanyagia.
4. Umufunge kiunoni kwa mukaba. Mpira mkuukuu wa ndani ya gurudumu unafaa.
5. Jaribu freni mbele ya kuondoka. Penye mteremko mukali mushuke, musukume kinga.

Mguu ukinaswa, usiuvute. Rudisha gurudumu nyuma polepole. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Usitie udongo wala mafuta. Umulete hospitali siku ileile, pamoja na karatasi yake ya chanjo, kwa sababu ya pepopunda.

Maulizo: Kwa nini tunafunika nyuzi? Na kinga ya kwenu, freni zake zinashika?