SOMO: KWA NINI TUNAMCHUKIA ALIYEPATA SIFA JANA?

Someni: 1 Samweli 18:5-16

Wapendwa, hapa Uganda msanii mpya akianza kusikika katika kila teksi ya Kampala, maneno nayo huanza. "Hajui kuimba." "Anajivuna." "Amejiunga na Freemason." Kwa nini?

Tumwangalie Eddy Kenzo. Alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akaishi miaka mingi mitaani. Mwaka 2014 wimbo wake "Sitya Loss", wenye video ya watoto wanaocheza, ulienea duniani. Mwaka 2015 alipata tuzo ya BET huko Marekani. Wengi walishangilia, lakini wengine walikicheka Kiingereza chake, kana kwamba mtoto wa mitaani alikuwa na mtu wa kumlipia karo. Hata hivyo aliendelea, na mwaka 2022 akateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Sababu ya kwanza: alikuwa mwenzetu. Tajiri wa mbali hatuumizi. Anayetuumiza ni yule aliyelala njaa kama sisi. Kupanda kwake kunatuuliza, "Na wewe je?" Kumshusha ni rahisi kuliko kujibu.

Sababu ya pili: kusengenya kunatupa urafiki wa bei rahisi. Watu wasiojuana hucheka pamoja, mradi anayechekwa hayupo.

Sauli hakupungukiwa kitu wanawake walipomwimbia Daudi. Taji lilibaki lake, na Goliathi alikuwa amekufa. Lakini alisikia kwamba hesabu ya mwenzake ni kubwa kuliko yake, na wivu ukaanza.

Na hapa kambini? Familia ikiitwa kwa safari ya kwenda ng'ambo, tunasema, "Wametoa rushwa." Kijana akipata msaada wa masomo, tunasema, "Ana mtu ofisini." Maneno hayo yakifika mbali, yanaweza kusimamisha faili ya watu waliongoja miaka kumi.

Si kila lawama ni wivu. Wimbo ukifundisha ubaya, tuseme wimbo ni mbaya. Lakini tusimzulie mwimbaji yale tusiyoyaona. Kipimo ni hiki: je, ningesema hivyo kama angekuwa mwanangu?

Maswali ya kujadili nyumbani:
1. Ni nani aliyefanikiwa mwaka huu karibu nasi? Tulisema nini juu yake?
2. Je, tulikuwa na ushahidi?
3. Juma hili tutampelekea nani pongezi, kwa miguu yetu wenyewe?