Usinune, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo nazungumza na binti wa Kipungani, kisiwani Lamu, lakini sogeeni nyote, mkeka unatosha.

Ameniletea ujumbe mrefu wa sauti. Kina mama wa kikundi chao cha kusuka mikeka wamemchagua kuwa mwenyekiti, na yeye ndiye mdogo wa wote. Wengine walimbeba mgongoni. Zamani wakichana ukindu, yeye ndiye aliyewachekesha. Sasa haketi nao chini. Anasimama, daftari kifuani, na wakicheka huwakatiza, kwa kuogopa wasimwone mtoto. Nao wameanza kuchelewa. Bi mmoja siku hizi haji kabisa, anamtuma mjukuu alete ukili aliousuka. "Dada, nifanyeje wanistahi?"

Mdogo wangu, kununa hakujampa mtu heshima. Humpa woga wa siku mbili tatu, kisha watu humkwepa, kama hivyo unavyokwepwa.

Mimi nilikosea kwa upande wa pili. Niliwahi kuongoza kikundi, na mzaha ulikuwa mdomoni mwangu kila saa. Siku moja amekuja mnunuzi, tumetandaza kazi zetu, nikauinua ukili wa bi mmoja mtu mzima, nikauliza kama ulisukwa gizani. Wote wakacheka, na yeye akacheka. Kisha akaukunja ukili wake taratibu, duara juu ya duara, akautia kikapuni, akaaga vizuri. Hakurudi. Neno lile lilikuwa la kuambiana pembeni, sisi wawili, nami nililimwaga mbele ya mgeni. Hadi leo nikiona ukili uliopinda naiona ile mikono ikikunja.

Mwana Kupona aliliona hili mapema. Utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858 watu huukumbuka kwa mambo ya mume na ndoa, na hupita haraka pale anapomfundisha kukaa na watu: awe mkunjufu, aseme nao kwa mizaha ya kuwafurahisha, na mzaha ukiwa wa kuudhi, heri anyamaze. Aliyesema hayo alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Utawala aliuona kwa karibu, nyumbani mwake, na bado hakumwambia mwanawe akunje uso.

Na hapo mjini Lamu tulikuwa na Habib Swaleh. Alikuja kutoka Ngazija, sharifu, mwanachuoni, akakaa na wanyonge wa mtaa wa Langoni, wakiwemo waliokuwa watumwa na wana wao, watu ambao wakubwa wa mji hawakuwa na haja ya kuwasomesha. Akawasomesha. Akaleta na maulidi yanayosomwa kwa matari, na wapo waliochukizwa kusikia ngoma kwenye ibada. Je, matari yalimshusha? Kila Mfungo Sita watu huja kwenye maulidi hayo, msikiti wa Riyadha, kutoka pwani nzima. Waliomfuata walimjua: kwenye darsa ni mwalimu hasa, na furaha ikija wakati wake, yumo pamoja nao.

Huo wakati wake ndio ninaotaka uushike. Umepanda mashua tangu utotoni, wamjua nahodha. Upepo ukiwa mwema anacheka na mabaharia wake, wanataniana hadi machozi. Inapofika saa ya kupiga bisho, foromali yenye tanga ikizungushwa mbele ya mlingoti, husikii ila sauti yake. Hapana anayenuna, kwa kuwa kila mmoja aijua saa ile.

Basi kwenye kikundi chenu saa hiyo ni ya kupima ukili na ya kugawa fedha. Hapo usicheke, wala usimwachie mtu acheke. Pima mbele yao, pima kwa pima, na mkono uwe huohuo mmoja kwa wote, kwa mama yako mzazi na kwa jirani msiyesemezana. Soma hesabu kwa sauti: mkeka uliuzwa kiasi gani, nauli ya boti imekula ngapi, kimebaki nini. Wapo wasioweza kuisoma, uwasomee tena. Ukikosea, sema umekosea hapohapo. Nakwambia kwa moyo wangu, mwenyekiti ambaye fedha yake haina giza anaweza kucheka mchana kutwa na hakuna atakayemdharau.

Ukimaliza, funga daftari, keti chini, vuta ukindu uchane. Na wale waliokuwa bibi zako na shangazi zako wangali ni wao. Waite vilevile, waanze wewe kwa salamu.

Lakini kabla ya kikao kijacho, baada ya alasiri, nenda kwa yule bi anayemtuma mjukuu. Daftari liache nyumbani. Mwombe akuonyeshe anavyoanza ukili wake wa rangi, na akikutania kwa ulivyonuna siku hizi, mwache akutanie.