SOMO LA KIKUNDI: Ukuta wa Kutundikia Vifaa vya Karakana



Katika kikundi chetu cha useremala hapa Manga patasi moja ilipotea. Ilikuwa patasi ya nusu inchi, mpya kabisa, iliyonunuliwa kwa pesa za mchango. Kila mmoja alisema aliirudisha kwenye gunia. Kwa majuma mengi tulisalimiana kwa baridi, na ndugu mmoja akaacha kuja mikutanoni, maana yeye ndiye aliyeonekana nayo mara ya mwisho. Siku tulipohamisha rundo la mbao, kumbe iko pale nyuma, imelala kwenye udongo wenye maji, imeliwa na kutu hadi kwenye mpini. Ndugu yetu alirudi, lakini haikuwa rahisi. Alituuliza, "Mlinitafuta mimi au mlitafuta patasi?" Hatukuwa na jibu.

Hakukuwa na mwizi hapo. Kosa lilikuwa gunia. Ndani ya gunia huwezi kujua kilichomo wala kisichokuwamo, na misumeno husuguana na randa mpaka meno yote yanakuwa butu. Ndiyo sababu somo letu ni la kutengeneza ukuta wa kutundikia vifaa, kwa gharama ndogo, katika karakana ya nyumbani.

Pengine umeona ule ukuta wa mbao zenye mifereji katika maduka ya vifaa vya simu mjini. Kulabu huingia kwenye mfereji, na mwenye duka huihamisha apendavyo. Ubao ule huuzwa kwa kipimo cha futi 8 kwa 4, na kwa kawaida hutengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa pamoja na gundi. Ni mzuri kwa duka kavu. Kwa karakana zetu, mimi nasema hapana. Ukinywa maji huvimba, mdomo wa mfereji hubomoka, na nyundo yako iko chini. Nanyi mnaijua mvua ya huku, na ukungu wa asubuhi chini ya mlima wa Manga. Lakini akili iliyomo katika ubao ule haiuzwi: mbao zimelala, kati yake kuna nafasi, na kulabu inahama. Hiyo tunaweza kuifanya wenyewe.

Kwanza mbao. Usikimbilie duka la mbao. Mahali popote mti unapopasuliwa kwa msumeno wa mashine hubaki mabanzi, yale magamba ya pembeni, ambayo mwenye mti huyafanya kuni. Ongea naye kabla mama wa nyumbani hajayapeleka jikoni! Katazo la kukata miti katika misitu ya serikali lilipotangazwa Februari 2018, mafundi wengi waligeukia miti ya mashambani, na ingawa Julai 2023 ilitangazwa kwamba limeondolewa, mti wa jirani bado ndio ulio karibu. Ulizeni pia masalio katika vyuo vya ufundi, zile tulizozoea kuziita politekniki za kijiji, zilizoanza baada ya ripoti ya makanisa ya mwaka 1966 juu ya vijana waliomaliza shule bila kazi.

Wengine hupata mbao za paleti, zile zinazobebea mizigo. Hizi ni nzuri, lakini soma muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiona herufi HT, mbao zilitibiwa kwa joto, hazina neno. Ukiona MB, zilipigwa gesi ya sumu ya kuulia wadudu. Ziache, na wala usizipikie.

Mkaratusi mbichi ni mkaidi. Leo umeunyoosha, mwezi ujao umejipinda kama upinde. Panga mbao zako kivulini, weka vijiti kati ya mbao na mbao ili upepo upite, juu yake weka mawe, uziache majuma kadhaa. Na tena, mti wenye maji huharakisha kutu ya chuma kinachougusa. Saiprasi na grevilea ni laini zaidi kwa kazi hii. Kama ni mkaratusi tu ulio nao, gonga ncha ya msumari kwa nyundo iwe butu kidogo kabla ya kuupigilia. Msumari wenye ncha kali hupasua mbao, ulio butu hukata nyuzi na kupita.

Sasa kipimo. Anza na ukuta mdogo wa futi 4 kwa 4. Unahitaji mbao tatu za kusimama, inchi 2 kwa 2, kila moja futi 4. Moja kila upande, moja katikati. Juu yake zitalala mbao 12 za inchi 3 kwa 1, kila moja futi 4, yaani futi 48 kwa jumla. Kati ya mbao na mbao acha nafasi ya inchi 1. Usipime kila mara, utachoka na utakosea: chonga kipande cha mbao chenye unene wa inchi 1, kiweke juu ya mbao uliyokwisha kupigilia, kalisha inayofuata juu yake, pigilia, kisha kichomoe. Misumari miwili kila inapokutana na mbao ya kusimama, basi ni misumari 72. Nusu kilo ya inchi 2 na nusu itatosha na kubaki.

Hapa ndipo wengi huharibu: kushikiza mbao za kusimama ukutani. Nyumba ya udongo haishiki msumari. Gonga ukuta kwa vifundo vya vidole usikie nguzo iko wapi, au fuata nyufa za udongo, maana mara nyingi huonyesha nguzo ilipo, halafu pigilia kwenye nguzo yenyewe kwa misumari ya inchi 5. Kama nguzo haziko mahali unapotaka, lalisha kwanza mbao mbili imara kutoka nguzo hadi nguzo, moja juu na moja chini, ndipo usimamishe zako juu yake. Ukuta wa mabati ni vivyo hivyo, fuata mbao za fremu. Kwa matofali, toboa tundu, gonga ndani kigingi cha mti mgumu uliokauka, kisha pigilia kwenye kigingi. Jining'inize kwa mikono miwili. Kama ukuta unalia, haujawa tayari.

Zile inchi 2 za nyuma si za bure. Hewa hupita humo, na vifaa haviegemei ukuta wenye unyevu. Mbao ya chini kabisa iwe juu ya sakafu, mchwa wasipate ngazi.

Kulabu tunakunja wenyewe. Chukua waya wa geji 8, kata inchi 8. Pigilia misumari miwili minene kwenye gogo, pitisha waya katikati, ukunje: inchi 1 na nusu ishuke nyuma ya mbao, inchi 1 ipite juu yake, inchi 3 zishuke mbele, inchi 2 zitoke nje, na nusu inchi ya mwisho iinuke kama kidole. Ule mguu wa mbele ukiegemea mbao, kulabu haiyumbi. Kwa jiliwa au shoka usitumie waya. Tengeneza rafu chini.

Patasi na misumeno ziwe juu, watoto wasifikie. Ukuta usitazamane na dirisha, maana ukituonyesha sisi utamwonyesha na mwingine. Kila Jumamosi pangusa chuma kwa kitambaa chenye oili.

Ukishatundika vyote, zungushia kila kifaa mstari wa rangi au makaa nyuma yake. Jioni huhitaji kuhesabu. Kivuli kisicho na kifaa kinakutazama. Sisi tulitoboa vifuniko vya soda, tukampa kila mwanachama vitano vyenye namba yake. Ukichukua kifaa, unaacha kifuniko kwenye kulabu. Jirani akija na "nisaidie nyundo kidogo tu", mwanachama anayempa ndiye anayetundika kifuniko chake. Wengine walinung'unika kwamba ni kama shule. Ndugu yetu wa ile patasi ndiye aliyetoboa vifuniko vyote.

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kimwage vifaa vyake vyote chini, juani, mbele ya wanachama. Andikeni vilivyopo, na vile ambavyo kila mtu alidhani viko kwa mwenzake. Hesabuni kulabu mnazohitaji, muongeze kumi, halafu mmoja wenu aende kwa mpasua mbao akaulize mabanzi yanaendaje.