Nenda Guangzhou Ukatembee, Mdogo Wangu

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, mwalimu wa shule ya msingi, ameniandikia barua ndefu. Kaka yake anaishi Guangzhou, kusini mwa China, na amemlipia tikiti ya ndege aende akamsalimie katika likizo kubwa. Siku zake kule hazitimii juma moja. Badala ya kufurahi, amekosa usingizi. "Yaya, kila muntu eko ananipa liste yake," anasema. Shangazi anataka nywele, majirani wanataka viatu, baba mdogo ameshampa dola za simu. Shemeji yake naye amemwambia bila kuficha kwamba hakuna mtu anayetoka Lubumbashi kwenda China kutazama majengo. Watu wanaenda kununua.

Mdogo wangu, nenda ukatazame majengo.

Mama zetu wafanyabiashara nawaheshimu sana. Wamesomesha watoto wengi wa mji huu kwa mizigo waliyoitoa Guangzhou na Dubai, wakailipia, wakailinda mpaka ikafika soko la Kenya hapa mjini. Lakini ile ni kazi, na kazi ina ujuzi wake. Masoko makubwa ya Guangzhou yanauza kwa jumla. Ukiomba pea moja ya viatu vya jirani, wauzaji wengi hawatakugeukia, kwa sababu mteja wao anachukua katoni nzima. Kutoka duka hadi duka, ghorofa hadi ghorofa, siku itakwisha na kitu chenyewe hujakipata. Halafu utarudi nyumbani ukiulizwa China ikoje, na utakachoweza kusimulia ni ngazi na mabegi.

Watalii wa nchi nyingine wanafunga safari ndefu kwenda kuuona mji ule ule, na hakuna anayewauliza wameleta nini. Mwalimu wa Katuba naye ana haki hiyo.

Kwanza tumalize mambo ya karatasi, maana hapo ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Visa ya utalii ni ya herufi L, ya biashara ni M. Wewe omba ya utalii, na ukiulizwa unakwenda kufanya nini, sema ukweli huo huo. Angalia imeandikwa uingie mara ngapi. Kama ni mara moja tu, usikubali mtu akushawishi mkatembee Hong Kong kwa siku moja, eti treni ni ya saa moja tu. Hong Kong ina mpaka wake na visa yake. Ukivuka, visa yako ya China imekwisha na huwezi kurudi Guangzhou kuchukua sanduku. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasipoti.

Kwa kuwa utalala kwa kaka yako, kuna jambo ambalo wenyeji wetu kule mara nyingine wanalipuuza. Mgeni akilala hotelini, hoteli inamwandikisha polisi. Akilala nyumbani kwa mtu, yeye na mwenyeji wake wanatakiwa kwenda wenyewe kituo cha polisi kabla ya saa 24 kupita. Mwambie kaka yako mwende mara tu ukishafika na kuoga, hata kama una usingizi. Pasipoti tembea nayo, hasa mtaa wa Xiaobei wanakokusanyika Waafrika, kwa sababu huko polisi huomba karatasi. Sikufichi pia kwamba Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba zao na wengine wakalala barabarani. Nakwambia si ili uogope, bali ili usimwachie mtu yeyote nafasi ya kukuambia karatasi yako ina kasoro.

Pesa. Sisi hapa tumezoea dola. Unalipia dukani na kurudishiwa faranga. Guangzhou dola haikununulii hata chupa ya maji. Utabadilisha benki, pasipoti mkononi, upate yuani. Wenyeji wanalipa kwa simu, hata muuza viazi vitamu wa kando ya barabara, kwa hiyo chenji ni shida, na noti ndogo ndogo zitakusaidia kuliko zile za mia. Simu nayo ina habari yake: kwenye mtandao wa China, WhatsApp na Facebook zimefungwa. Laini ya hapa nyumbani ikiwa imewashiwa huduma ya kutumika nje, kwa kawaida zinafanya kazi, ila gharama ni kubwa. Ulizia bei kabla ya kuondoka. Mama yako mweleze mapema, asije akakesha akidhani umepotea. Na mwambie asipige jioni. Saa mbili usiku ya Lubumbashi, kule ni saa nane usiku.

Sasa tuje kwenye raha yenyewe. Likizo yako inaangukia Julai. Huku tunavaa masweta na vumbi limejaa, kule ni joto la jasho na mvua kubwa za ghafla. Kwa hiyo tembea asubuhi na jioni, mchana lala.

Asubuhi ya kwanza, kaka yako akupeleke kunywa chai ya asubuhi jinsi watu wa Guangzhou wanavyoinywa. Familia inakaa mezani muda mrefu, babu na bibi na wajukuu, vikapu vidogo vya mianzi vinakuja vikitoa mvuke, ndani mna maandazi ya nyama na ya kamba. Usishangae wakianza kwa kumwaga chai ya moto kwenye vikombe na bakuli na kuviosha nayo, kisha wanaimwaga. Mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu kwa vidole viwili. Ndiyo asante yao. Birika likiisha maji, hawaiti mtu. Wanafunua kifuniko kidogo na kukiacha kimekaa upande, na mhudumu anakuja kuongeza. Kaa pale hata saa mbili nzima. Utauelewa mji ule kuliko ukizunguka maduka kumi.

Ukitoka hapo nenda jumba la ukoo wa Chen; metro namba 1 ina kituo chenye jina hilo. Wewe ni mwalimu, litakugusa. Familia zenye jina la Chen kutoka jimbo lote la Guangdong zilichanga fedha kulijenga, likamalizika 1894, ili vijana wao wanaokuja mjini kufanya mitihani ya serikali ya mfalme wapate mahali pa kukaa na kujiandaa. Sisi tunaochanga ada za watoto wa ndugu tunajua maana yake. Inua macho utazame paa: juu ya ukingo wamesimama mamia ya watu wadogo wa udongo uliochomwa, majemadari, wanawake, wanyama, kila mmoja na uso wake. Usipite haraka.

Jumapili usikose kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, ambalo wenyeji wanaliita Nyumba ya Mawe. Lilijengwa kuanzia 1863 hadi 1888, lote granaiti, mpaka minara. Wewe uliyezoea matofali ya kanisa kuu la Saints-Pierre-et-Paul hapa mjini utatamani kuligusa. Alasiri kuna misa ya Kiingereza, na utakuta Waafrika wa nchi nyingi wamevaa vitenge vyao. Kutoka hapo si mbali na Shamian, kisiwa kidogo chenye miti mikubwa na nyumba walizojenga Waingereza na Wafaransa walipojimegea sehemu hiyo karne ya 19.

Mnara wa Canton, wenye mita 600, kila mtu atakuambia upande. Mimi nakushauri uutazame kutoka ng'ambo ya mto usiku, ukiwa umewashwa taa za rangi. Ni bure, na ni mzuri zaidi kuliko ukiwa juu yake. Kwa fedha ya tikiti, panda boti kwenye mto huo, Mto wa Lulu.

Watu watakukodolea macho, wengine wataomba kupiga picha nawe. Kama hutaki, tikisa mkono na uendelee na njia yako. Beba karatasi za chooni mkobani, kwa sababu vyoo vingi vya umma havina. Na mwambie kaka yako akuandikie anwani ya nyumba yake kwa herufi za Kichina kwenye karatasi, uiweke mahali tofauti na simu. Ukitamani bukari, ugali wetu, Xiaobei utapata mikahawa ya Kiafrika, lakini jizuie mpaka siku ya tatu hivi.

Zimebaki zile liste. Shangazi na majirani, waambie utawaletea chai, nayo ni nyepesi sandukuni na inapatikana popote. Tenga nusu siku kwa ajili hiyo, usiongeze. Baba mdogo ni mtu mzima, hawezi kujibiwa kwa simu. Nenda kwake juma hili, mzungumze kama kawaida, kisha mrudishie dola zake mkononi mbele ya mama mdogo, azihesabu, umwambie: "Baba, safari hii nakwenda kumwona kaka. Simu tuinunue hapa mjini pamoja, ikiharibika tujue pa kuirudisha."