Mbwa Akimeza Kisicholiwa
Kijitabu kwa wafugaji wa Nainokanoka

Mbwa wa boma hulinda kondoo usiku kucha, kisha asubuhi hupewa ukoko wa ugali. Kwa njaa hiyo, mfuko uliofungiwa nyama, kitambaa kilichofutiwa mafuta au kamba ya ndama iliyolowa maziwa havimpiti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, lakini nyuzi za viroba bado zimezagaa.

Kwanza kabisa: usimtie mkono kinywani. Mbwa anayekabwa kama mwenye mfupa kooni, taya limelegea na mate yanamchuruzika, huenda ana kichaa cha mbwa. Huruma ya kutaka kumtoa huo mfupa inaweza kukugharimu maisha. Mfungie peke yake, watoto wasimsogelee, na mwite ofisa mifugo wa kata. Akikung'ata, au mate yake yakigusa mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukachanjwe. Dalili zikishamwanza binadamu, ni nadra mno kupona.

Ikiwa ulimwona akimeza, usimnyweshe maji ya chumvi wala mafuta ya taa ili atapike. Chumvi nyingi ni sumu kwake, mafuta huweza kuingia mapafuni, na sindano ikirudi juu hutoboa koo. Betri ya tochi ni jambo la dharura, maana ikipasuka huunguza matumbo. Uzi nao ni hatari kuliko watu wanavyodhani: ncha moja ikinasa, utumbo hujikunja juu yake na uzi huukata kama kisu. Ukiuona unaning'inia nyuma, usiuvute.

Punje chache za ushanga kwa kawaida hutoka zenyewe ndani ya siku chache. Kagua kinyesi kwa kijiti, kisha nawa mikono. Lakini akitapika mfululizo, akikataa chakula, tumbo likivimba au akijikamua bila kutoa kitu, usingoje kesho. Huenda akahitaji kupasuliwa, na Karatu si karibu. Mpigie simu daktari wa mifugo kabla hujaondoka, umweleze alichomeza na saa aliyomeza. Kama kimebaki kipande, kibebe.

Nyumbani, tundika kamba juu, weka sindano na betri kwenye kopo lenye kifuniko, na mpeleke mbwa chanjo ya kichaa kila mwaka.