Tela na remorque: neno lililonipita Kasumbalesa

Nilipewa nafasi ya kwenda Lubumbashi katika lori la dereva Mtanzania, ambaye tangu Dar es Salaam alikuwa akilala garini na kupika kando ya barabara. Pale Kasumbalesa, akirudi nyuma, alipiga kelele: “Dogo, angalia tela!” Nikaangalia taa. Mama mmoja aliwahi kuvuta magunia yake ya makala. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamekwisha kuyafikia.

Kwetu tunasema remorque. Tela limetoka katika neno la Kiingereza, trailer, r ya kwanza ikadondoka. Lakini treni na trekta zimebaki na tr, na wapo madereva wanaosema trela. Basi tusiandike kwamba Kiswahili hakiipokei tr.

Ngeli ilinivutia zaidi. Dereva: “Tela langu limejaa, matela mengine yako Tunduma.” Mimi ningesema: “Remorque yangu inajaa.” Kwake ngeli ya 5/6, kwangu ya 9.

Nilimwomba yule mama radhi. Akasema neno tela analijua zamani: madereva hununua makala kwake.