Chupa Imepasuka: Ukialikwa Kwenye Kamati ya Usalama wa Wagonjwa

Somo la safari hii ni kwa wale mama, na hata baba, ambao siku moja watapigiwa simu na hospitali na kuulizwa: tunatafuta mwakilishi wa wagonjwa kwenye kamati yetu ya usalama, upande wa huduma za kina mama, je, utakubali? Wengi wetu hujibu upesi: "Mimi? Mimi si daktari. Kiarabu changu ni cha sokoni." Nami nilijibu hivyohivyo. Ninaishi hapa Azaiba, na nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo kwa miaka mitatu. Haya ni mambo ambayo ningependa mtu anieleze kabla sijaingia.

Nianze na mkasa nilioushuhudia kwa macho yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja.

Mama mmoja kijana, mgeni wa miezi michache mjini, alikuja na mimba ya miezi minane. Mdogo wake wa mwisho alikuwa amempakata, na binti yake wa miaka tisa alikuwa mkalimani, kwa sababu shuleni anasoma Kiingereza. Mama akasema: "Mwambie nesi mtoto hachezi tangu jana." Binti akafasiri vizuri sana, neno kwa neno: mama anasema mtoto hataki kucheza. Nesi akamtazama yule mdogo mapajani, akatabasamu, akasema amechoshwa na joto. Wakaambiwa wakae wasubiri zamu yao.

Walikaa karibu saa mbili. Bibi mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyegeuka na kuuliza: "Mwanangu, ni huyu asiyecheza, au wa tumboni?" Aliposikia ni wa tumboni, aliinuka, fimbo na yote, akaenda kaunta akasema kwa Kiarabu kilichonyooka. Usiku ule mama akafanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka hai.

Sasa tafuta mkosaji. Nesi aliyajibu maneno aliyoyasikia. Binti alisema alichojua. Mama alisema kama anavyosema kila mwanamke wa kwetu, kwamba mtoto "anacheza" tumboni. Kila mmoja alifanya lake sawasawa, na bado mtoto angekufa. Kazi ya kamati ya usalama ni hiyo hasa: kutazama ile njia ambayo watu wazuri wanaweza kuipita na bado mgonjwa akadhurika, kisha kuirekebisha.

Na hapo ndipo wewe unayejiona hujui kitu unajua kitu ambacho daktari hana. Chukua maneno yetu ya kila siku. Mwanamke akisema "chupa imepasuka," mkunga wa Dar es Salaam au Mombasa anajua maji ya uzazi yamevunjika. Lifasiri neno hilo kama lilivyo kwa Kiarabu au Kiingereza, utaletewa mtu wa ufagio aokote vigae. Akisema "naona nyotanyota," na kichwa kinamuuma, na miguu imevimba, huenda ni dalili za kifafa cha mimba, na si jambo la kungoja zamu. Halafu kuna neno ambalo linanitia hofu kuliko yote: "mimba ilitoka" na "nilitoa mimba." Ukiyasikia haraka yanakaribiana. La kwanza ni msiba. La pili, hapa Oman, ni jambo la sheria. Mkalimani asiyejali, au jirani aliyejitolea tu, anaweza kumgeuza mama aliyefiwa kuwa mtuhumiwa, na ikaandikwa kwenye faili.

Utasema, lakini Muscat imejaa Waswahili. Ni kweli. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya 1970 Sultan Qaboos alipoingia madarakani, familia nyingi zilikuja huku na lugha yao, na hadi leo utasikia Kiswahili dukani, msikitini na ufukweni. Ndiyo maana hospitali hudhani kwamba anayekijua hatakosekana. Saa nne asubuhi huenda hakosekani. Saa nane za usiku, kwenye chumba cha leba, manesi wa zamu wote wakiwa wametoka Kerala na Manila, anakosekana.

Kamati hizi si fadhila za mkurugenzi mmoja mwenye moyo mzuri. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika kanda yetu ya Mashariki ya Mediterania lina mpango wa hospitali rafiki kwa usalama wa mgonjwa, wenye maeneo matano ambayo hospitali hupimwa kwayo, na moja kati ya hayo matano ni kushirikishwa kwa wagonjwa na umma. Dk. Ahmed Al-Mandhari, Mwomani aliyechukua uongozi wa kanda hiyo mwaka 2018, alitokea kwenye kazi ya ubora wa huduma katika Wizara ya Afya ya hapahapa. Tangu 2019, tarehe 17 Septemba ni Siku ya Usalama wa Wagonjwa Duniani. Mwaka 2021 mada yake ilikuwa uzazi salama, na 2023 ilikuwa kuwashirikisha wagonjwa wenyewe. Kwa hiyo wakikualika, hawakuonei huruma. Wanajaza kiti ambacho kinatakiwa kiwe na mtu.

Na tatizo lenyewe ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipitia mafaili zaidi ya 15,500 katika hospitali 26 za nchi 8, Kenya ikiwemo. Karibu wagonjwa 8 kati ya kila 100 walikuwa wamedhurika kutokana na matibabu yenyewe, si ugonjwa waliokuja nao. Watafiti waliona kwamba zaidi ya 8 kati ya kila madhara 10 yangeweza kuzuilika.

Kikao changu cha kwanza nilikiharibu. Niliingia na hasira ya mkasa ule, nikasema nesi alikuwa mzembe. Meza nzima ikanyamaza. Mkuu wa manesi akakunja mikono, na kwa nusu saa iliyofuata kila mtu alikuwa anamtetea mwenzake. Mwenyekiti, mtu mpole, akaniuliza: "Mama, kitu gani kingekuwepo pale kaunta, jambo lile lisingetokea hata angekuwepo nesi mwingine?" Sikuwa na jibu siku ile. Nilirudi nalo kikao kilichofuata: asitumike mtoto kukalimani, kaunta iwe na karatasi ya Kiswahili yenye maneno kumi ya hatari na maana yake, na kila mama mwenye mimba kubwa aulizwe swali moja kwa kuonyeshwa tumbo, mtoto wa humu anasogea? Karatasi hiyo ilichukua vikao vitatu. Mara ya kwanza ilipotea kwa mchapaji, mara ya pili ilikuja na makosa ya tahajia ambayo yangemchekesha hata mgonjwa mahututi. Lakini ipo.

Kwa hiyo ukizungumza, anza na kilichotokea, wapi, saa ngapi, kisha uliza njia ilikuwaje. Malalamiko dhidi ya mtu fulani yana ofisi yake, ile ya huduma kwa wagonjwa, na hata wewe mjumbe ukiwa na lalamiko lako binafsi lipeleke huko. Usiligeuze kuwa ajenda.

Uliza pia juu ya matukio ya nusura, yaani yale yaliyokaribia kudhuru yakaishia njiani. Hospitali isiyoripoti nusura hata moja kwa miezi mitatu si kwamba ni salama sana. Watu wake wanaogopa kuandika.

Nikupe mfano mmoja wa swali zuri, maana linatokana na kazi iliyofanywa kwetu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoua mama wengi zaidi duniani. Kwa miaka mingi damu ilikadiriwa kwa macho: mkunga anatazama shuka, anasema si nyingi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Walitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, na damu ikifika alama fulani matibabu yote yanaanza kwa pamoja badala ya moja moja. Kwenye hospitali hizo, waliotokwa na damu nyingi waligundulika 93 kati ya kila 100. Kule walikoendelea kukadiria kwa macho, waligundulika 51 tu. Madhara makubwa, vikiwemo vifo vya kutokwa na damu, yalipungua kwa asilimia 60.

Huhitaji digrii kuuliza kwenye kikao: "Hapa damu inapimwaje?" Nilipouliza, daktari mmoja alianza kunieleza kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea. Mwenzake akamkatiza akasema, "Swali ni zuri, hebu tulijibu."

Kuna watakaokwambia kamati ni maneno matupu, dawa ni mahakama. Mahakama ina nafasi yake. Agosti 2013 mama mmoja wa Bungoma, Kenya, alijifungulia sakafuni kwenye korido ya hospitali ya umma, vitanda vikiwa vimejaa, kisha akatukanwa na kupigwa na waliopaswa kumhudumia. Tukio hilo lilirekodiwa kwenye video. Machi 2018 Mahakama Kuu ilisema haki zake zilivunjwa, na ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Hukumu ile ilikuwa ya haki, na iliwafungua macho wengi. Lakini hesabu miaka: karibu mitano, na yeye alikwisha kulala sakafuni. Mimi ningependa mtu akae mahali fulani mwaka 2012 aulize, vitanda vya leba vikijaa, mama wa kumi na moja anakwenda wapi?

Sasa jambo gumu kuliko yote, nalo ni kufunga mdomo. Azaiba ni ndogo. Tunajuana harusini, tunajuana msibani, tunakutana kwenye foleni ya samaki. Kwenye kikao hutasomewa majina, lakini utasikia "mama wa miaka thelathini na mbili, uzao wa nne, kutoka Burundi," na moyo utakwambia ni fulani. Hapo mwambie mwenyekiti mara moja, "Huyu huenda namfahamu," utoke nje mpaka jambo lake limalizwe. Nyumbani mumeo akiuliza, "Leo mmezungumza nini?" jibu ni "Karatasi." Mimi hilo lilinigharimu. Shoga yangu mmoja alininunia miezi miwili kwa sababu sikumweleza habari za mkwe wake, na nadhani hajasamehe kabisa. Ila siku ikijulikana kwamba mjumbe Mswahili hutoa habari, hakuna mwanamke wa kwetu atakayesema ukweli wake tena pale kaunta.

Kabla hujakubali, uliza machache, tena kwa maandishi. Maneno yangu yataandikwa kwa jina langu? Hili ni muhimu kwa mgeni ambaye ukaazi wake unategemea kazi ya mumewe au ya kwake. Mtu ana haki ya kujua kabla hajafungua kinywa. Nitapata mkalimani kikaoni, mtu mzima aliyefundishwa, maana vikao vingi vinaendeshwa kwa Kiingereza na mizaha inapigwa kwa Kiarabu? Nauli je? Saa za kikao zinagongana na kuwatoa watoto shule? Karatasi za kikao nitazipata siku ngapi kabla? Omba wiki nzima. Na kila kikao fungua kumbukumbu za kilichopita, utafute pale palipoandikwa kwamba fulani atafanya jambo fulani kabla ya tarehe fulani, kisha uulize kwa upole: "Hili limefikia wapi?" Sentensi hiyo moja imefanya kazi kubwa kuliko hotuba zangu zote. Kahawa ya kikaoni ni mbaya, beba chupa yako ya chai. Hiyo nayo fasiri kwa uangalifu.

Karatasi yetu ya maneno kumi inaandikwa upya, na nafasi zipo, maana watu wa Bukavu, Kigoma na Lamu hawasemi uchungu na mimba kwa maneno mamoja. Kama kuna neno ulilowahi kumwambia nesi akakuelewa vibaya, liandike kama unavyolisema nyumbani, bila jina lako, ulitie kwenye sanduku lililo kando ya dawati la mapokezi ya ofisi hii. Nitalichukua Jumapili.